Acheni kutukatia sura ya ajali peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila Safari Rally inaporudi Naivasha, na kila msimu wa langalanga (Formula One) unapofunguliwa, ukurasa wenu wa michezo huchapisha dondoo za vitabu ambavyo madereva wa mbio wameandika kuhusu maisha yao. Desturi hiyo ni nzuri na tunaomba iendelee. Neno letu ni juu ya namna dondoo zinavyochaguliwa. Karibu kila mara huwa ni ajali: gari linashika moto, dereva anavutwa nje, padri anaitwa hospitalini, dondoo imekwisha. Msomaji haambiwi kitabu kilitoka mwaka gani, nani alimsaidia dereva kuandika, wala mbio zile ziliishaje.

Ubaya wa kuikimbilia ajali ni kwamba hiyo ndiyo sehemu ambayo mara nyingi mwenye kitabu anaijua kwa kusimuliwa. Chukueni Niki Lauda, Mwaustria aliyekuwa bingwa wa dunia mara tatu, ambaye dondoo zake huchapishwa kuliko za mtu mwingine yeyote. Aliungua tarehe 1 Agosti 1976 katika njia ya Nürburgring, Ujerumani, karibu na kona ya Bergwerk, akiwa mzunguko wa pili. Alikuwa ametoka piti, yaani kituo cha mafundi kando ya njia, kuvua tairi za mvua na kuvaa zile zisizo na kashata, kwa kuwa njia ilikuwa inakauka. Ferrari yake ilichepuka, ikagonga ukingo na kurudi katikati ya njia ikiwaka. Waliomtoa ni madereva wenzake wanne: Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl. Tunayajua haya kutoka kwao, na kutoka kwenye filamu fupi iliyopigwa na mtazamaji aliyekuwa kando ya njia. Lauda mwenyewe hakukumbuka chochote cha ajali ile. Dereva Mwingereza Stirling Moss naye hivyo hivyo. Alipogonga tuta Goodwood, Uingereza, tarehe 23 Aprili 1962, alikaa bila fahamu kama mwezi mzima, na hadi anafariki hakuweza kueleza gari lilimponyokaje. Ukimnukuu dereva wa aina hii kuhusu ajali yake, umenukuu habari alizozipata kwa wengine.

Mambo anayoyajua kweli yako kurasa chache mbele, na hayo hamyachapishi. Siku 42 baada ya moto ule Lauda alikuwa Monza, Italia, bandeji kichwani, akamaliza wa nne. Wakati huo aliwaambia waandishi kwamba hofu ameishinda. Katika kitabu chake cha 1986 anakiri kwamba ulikuwa uongo: siku ya mazoezi alikuwa amekakamaa kwa woga, ila hakutaka washindani wake wajue. Huo ndio ushahidi wenyewe, kwa sababu hakuna kamera wala fundi aliyeweza kuuona. Hata hivyo, zingatieni tarehe. Mwaka 1976 alisema hili, mwaka 1986 akasema lile, na katikati alikuwa amestaafu, amerudi, na amechukua ubingwa wa tatu. Msomaji asiyejua kitabu ni cha mwaka gani hawezi kujua ni Lauda yupi anayeongea naye.

Tawasifu ya dereva ni maelezo ya shahidi mmoja aliyekuwa ndani ya gari, macho mbele, mwenye mkataba wa kuheshimu na jina la kulinda. Jambo la kwanza kwa msomaji ni kuuliza maelezo hayo yametolewa lini, na kuna maelezo gani mengine ya kuyawekea kando.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Le Mans ya tarehe 11 Juni 1955, Ufaransa. Saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, Mike Hawthorn wa Jaguar alimpita Lance Macklin aliyekuwa na Austin-Healey, kisha akafunga breki aingie piti. Wakati huo piti za Le Mans hazikutengwa na njia kwa ukuta wowote. Gari la kuingia na gari la kupita kwa kasi yalitumia lami ile ile nyembamba. Macklin akakwepa kushoto. Nyuma yake Pierre Levegh alikuwa anakuja na Mercedes 300 SLR, akapanda mgongo wa Austin-Healey, akaruka hadi kwenye tuta la watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa, pamoja na Levegh. Uchunguzi rasmi haukumtia dereva yeyote hatiani. Hawthorn na mwenzake Ivor Bueb wakashinda mbio zile.

Mwaka 1958 kikatoka kitabu cha Hawthorn. Alijitoa lawamani, bila kumtaja aliyesababisha. Levegh alikuwa marehemu, kwa hiyo Macklin akaona kidole kimebaki kwake, akafungua kesi ya kuchafuliwa jina. Kesi haikufika mwisho: Januari 1959 Hawthorn alikufa katika ajali ya barabarani karibu na Guildford, akiendesha Jaguar yake binafsi. Hata leo mtu anaweza kukiokota kitabu hicho katika meza ya vitabu vya mtumba, akasoma sura ya Le Mans, akafunga na kuondoka akidhani amejua kilichotokea. Sura hiyo haisomeki vyema bila mambo matatu: mchoro wa eneo la piti la mwaka ule, maelezo ya Macklin, na filamu ya tukio. Ndipo unaweza kupima maneno ya Hawthorn: alianza kufunga breki umbali gani kabla ya piti, na Macklin alibakiwa na nafasi gani. Breki ni sehemu ya kisa hiki. Jaguar ile ilikuwa na breki za diski, na Mercedes ya Levegh ilikuwa bado na za dramu, ikisaidiwa na bamba kubwa la kukinga upepo lililoinuka nyuma ya dereva. Magari hayo hayakusimama kwa umbali mmoja.

Toleo nalo ni jambo. Kitabu cha Lauda cha 1986 hakiwezi kuwa na habari ya ndege ya abiria ya kampuni yake ya usafiri wa anga iliyoanguka Thailand tarehe 26 Mei 1991 na kuua watu wote 223, baada ya kifaa cha kurudisha nyuma msukumo wa injini kufunguka ikiwa angani. Anayetaka kumwelewa Lauda kama mtu wa mashine, aliyekataa kunyamaza hadi mtengenezaji wa ndege akiri kasoro, atafute maandishi yake ya baadaye. Kwa vitabu vya aina hii, ukurasa wa hakimiliki nyuma ya jina la kitabu usomwe kabla ya utangulizi. Tazameni mambo mawili: mwaka wa kuchapishwa mara ya kwanza, na kama kuna sura zilizoongezwa. Mwaka ulioandikwa mgongoni au kwenye jalada jipya unaweza kuwa wa toleo la juzi lenye maneno ya miaka 30 iliyopita.

Graham Hill na mwanawe Damon ni somo zuri hapa. Kitabu cha kwanza cha Graham kilitoka mwaka 1969. Baada ya hapo alishinda Le Mans ya 1972, na hivyo akawa dereva pekee aliyewahi kushinda Le Mans, Indianapolis 500 na ubingwa wa dunia. Tarehe 29 Novemba 1975 ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka kwenye ukungu kaskazini mwa London, akafa pamoja na watu watano wa timu yake, akiwemo dereva kijana Tony Brise. Kitabu chake cha pili kilitoka yeye hayupo. Ukiishia hapo, umemwona bingwa mcheshi mwenye masharubu. Damon alikuwa na miaka 15 siku ile. Kitabu chake cha 2016 kinaeleza kilichofuata: karatasi za ndege na leseni hazikuwa sawa, bima haikulipa, na familia ikabeba madai ya familia za waliokufa mpaka mali ikaisha. Damon akaja kuwa mpeleka vifurushi kwa pikipiki mitaani London, akaingia langalanga akiwa na miaka 31, umri ambao wenzake wengine huanza kufikiria kustaafu. Anaandika pia juu ya sonona iliyomsumbua. Kitabu cha mtoto kimejaza pengo ambalo vitabu vya baba visingeweza kulijaza. Visomwe vyote, cha baba kwanza.

Sasa nani hushika kalamu? Wengi wa madereva hawaandiki wenyewe. Hukaa na mwandishi wa habari, kinasa sauti mezani, kisha mwandishi anapanga. Lauda alifanya hivyo na Mwaustria mwenzake Herbert Völker. Moss aliyatoa ya moyoni mwake kwa Mmarekani Ken Purdy, na kitabu kikatoka 1963, mwaka ule ule alipojaribu gari tena Goodwood akaona mambo aliyokuwa akiyafanya bila kufikiri sasa inabidi ayafikirie, akaacha. Baadaye alisema huenda aliamua mapema mno, lakini hilo halimo katika kitabu kilichoandikwa kidonda kikiwa kibichi. Jackie Stewart, bingwa wa 1969, 1971 na 1973, ana tatizo la kusoma na kuandika ambalo halikugunduliwa hadi alipokuwa na zaidi ya miaka 40. Njia ya Nürburgring, kilomita 22.8, aliishika kichwani kona kwa kona. Kitabu chake kikubwa kilitoka 2007. Kuandikiwa si aibu. Aibu ni kutojua umeandikiwa na nani, maana mwandishi wa michezo huleta sentensi zake: ukikuta dereva aliyeacha shule mapema anafananisha machweo na divai, mpe mwandishi sifa hiyo.

Kuna vitabu vinavyotoka mapema mno. Lewis Hamilton alitoa chake mwishoni mwa 2007, akiwa na miaka 22 na msimu mmoja tu wa langalanga, ule alioukosa ubingwa kwa pointi moja, 109 kwa 110 za Kimi Räikkönen. Kijana aliye ndani ya mkataba hawezi kuandika mabaya ya mwajiri wake wala ya mdhamini. Kitabu kama hicho kina faida kwa habari za utotoni na za mzazi aliyeuza muda wake kulipia magari madogo ya karting. Kwa mengine, ngojeni astaafu. Lakini kanuni hii ina tundu. Mark Webber alitoa kitabu cha msimu wa 2010 akiwa bado dereva wa Red Bull, na humo ndimo wakubwa wake waliposoma kwamba aliendesha mbio za mwisho za mwaka ule akiwa na ufa kwenye mfupa wa bega, baada ya kuanguka na baiskeli. Timu ilikuwa haijaambiwa. Kwa hiyo kitabu cha mapema nacho kinaweza kutoboa siri, mara nyingine bila mwenyewe kutarajia kelele.

Wasomaji wetu wengi hukwama kwenye hesabu za pointi, na ukurasa wenu ungeweza kuwasaidia kwa mistari miwili. Zamani si matokeo yote yaliyohesabiwa. Mwaka 1988 Alain Prost alikusanya pointi 105 na Ayrton Senna 94, lakini yalihesabiwa matokeo bora 11 tu, hivyo Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Asiyejua kanuni hiyo atadhani mmoja wao anadanganya.

Mwaka 1958 unafaa kukaliwa chini na kalamu. Hesabu ilikuwa 8, 6, 4, 3, 2 kwa watano wa kwanza, na pointi 1 kwa mzunguko wa kasi kuliko yote. Yalihesabiwa matokeo bora sita. Hawthorn alishinda mara moja tu, Reims, Ufaransa. Moss alishinda mara nne. Bingwa ni Hawthorn, 42 kwa 41. Mjini Porto, Ureno, Hawthorn alimaliza wa pili na kupata mzunguko wa kasi, jumla pointi 7, lakini ikadaiwa kwamba baada ya gari kuzungushwa na kuzimika alilisukuma kinyume cha mwelekeo wa mbio. Shahidi aliyesimama upande wake alikuwa mpinzani wake, Moss, aliyesema lilikuwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, si kwenye njia ya mbio. Pointi zikabaki. Sasa ziondoeni hizo 7 mkaweke tokeo lake la saba, pointi 4 za Argentina: Hawthorn anashuka hadi 39, na Moss ndiye bingwa. Moss hakuwahi kuwa bingwa wa dunia katika maisha yake. Vitabu vyao vinalieleza tukio hilo kwa namna mbili tofauti za upole, na uzito wake hauonekani mpaka ufanye hesabu hiyo.

Hesabu ya 1984 ni fupi zaidi. Lauda 72, Prost 71.5. Ile nusu ilitoka Monaco, ambako mvua ilisimamisha mbio kabla ya nusu ya safari na Prost aliyekuwa mbele akapewa 4.5 badala ya 9. Zingeendelea hadi mwisho, hata angepitwa na kijana Senna na kumaliza wa pili, angepata 6, jumla 73.

Vipimo pia huangusha watu. Vitabu vya Waingereza vinatumia maili, galoni, na pauni kwa inchi ya mraba kwa upepo wa tairi. Maili moja ni kilomita 1.609. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani lita 3.79, dereva aliyeendesha pia Indianapolis anaweza kutumia zote mbili ndani ya kitabu kimoja bila kukuarifu, na tangi likaonekana limekua au limepungua. Upepo wa 20 katika kipimo chao ni kama 1.4 kwa bari. Yaandikeni haya kwenye kipande cha karatasi kikae ndani ya kitabu.

Tukija kwenye sura zinazostahili nafasi gazetini, ya kwanza ni Nürburgring ya tarehe 4 Agosti 1957, ya Juan Manuel Fangio. Alikuwa na miaka 46. Ferrari za Hawthorn na Peter Collins zilipangwa kwenda mizunguko yote 22 bila kusimama, mafuta tele na tairi ngumu. Maserati ya Fangio ilianza na mafuta nusu na tairi laini, hivyo ilikuwa nyepesi na ilishika njia vizuri zaidi, ila ilipaswa kusimama mara moja. Mpango ulidai apate pengo la nusu dakika kabla ya kusimama kwenye mzunguko wa 12, na alilipata. Kilichoharibika ni kazi ya mafundi: walichelewa kubadilisha tairi, na Fangio akarudi njiani akiwa nyuma ya Ferrari kwa sekunde zaidi ya 45. Ndipo akaanza kuingia baadhi ya kona kwa gia moja juu ya ile aliyoizoea, ili injini isilie mno na gari litiririke. Muda wake wa kufuzu ulikuwa dakika 9 na sekunde 25.6. Mzunguko wa 20 alizunguka kwa dakika 9 na sekunde 17.4. Aliwapita wote wawili kwenye mzunguko wa 21, akashinda kwa sekunde 3.6. Hapo msomaji anajifunza kwa nini uzito wa mafuta na ulaini wa tairi hununua sekunde, na sekunde hizo zinavyoweza kupotea piti.

Ya pili ni Mille Miglia ya tarehe 1 Mei 1955, maili 992 za barabara za kawaida kutoka Brescia hadi Rome na kurudi. Moss alishinda kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48, wastani wa kilomita 157 kwa saa. Namba ya gari, 722, ilikuwa saa ya kuondoka: saa 7 na dakika 22 kwa saa ya Kizungu. Pembeni aliketi Denis Jenkinson, mwandishi wa habari, akiwa na karatasi ya urefu wa mita 5 na zaidi iliyoviringishwa ndani ya kijisanduku chenye dirisha, kila kona na kila kilele cha barabara kimeandikwa. Kelele ilizuia mazungumzo, basi wakakubaliana ishara za mkono. Someni maelezo ya Moss pamoja na ya Jenkinson. Dereva anakumbuka kushikilia pedali ya mafuta mahali ambapo barabara haionekani mbele. Msoma ramani anakumbuka kilichomfanya dereva athubutu. Fangio, aliyeendesha peke yake, alifika wa pili zaidi ya nusu saa baadaye. Washiriki wa Safari wa leo watajitambua humo.

Ajali inayofaa kuchapishwa ipo, nayo ni ya Stewart huko Spa, Ubelgiji, mwaka 1966, kwa sababu ina chanzo, kasoro na dawa. Mvua ilinyesha ghafla upande mmoja wa njia, gari lake likatoka, likajikunja na kumbana, petroli ikamwagikia mwilini mwake. Usukani haukutoka. Graham Hill na Bob Bondurant walilazimika kuazima spana kwa mtazamaji ili kuufungua. Alikaa mle takriban dakika 25. Tangu hapo alifunga spana kwa utepe ndani ya gari lake, karibu na usukani, na akaanza kudai madaktari, kuta na mikanda kwa bidii iliyowachosha wenye njia za mbio. Ukikata dondoo kabla ya spana, umechukua maumivu na kuacha faida.

Kuhusu fedha, hakuna wa kumshinda Perry McCarthy, ambaye hakuwahi kuanza hata mbio moja ya langalanga. Mwaka 1992 alikuwa na timu ya Andrea Moda, iliyolazimika kupita mchujo wa asubuhi kabla ya kuruhusiwa hata kujaribu kufuzu. Silverstone alitolewa na tairi za mvua njia ikiwa kavu. Hungary aliachiwa zikiwa zimebaki sekunde chache, zisizotosha mzunguko mmoja. Spa usukani ulimkwamia kwenye kona ya Eau Rouge. Baada ya hapo timu ikafukuzwa katika ubingwa. Kitabu chake kinachekesha, ila ukiondoa kicheko kinaeleza kwa undani gharama za kufukuza wadhamini na jinsi kijana mwenye kipaji anavyozeeka akisubiri simu.

Onyo moja juu ya visa vitamu. Alfred Neubauer, meneja wa Mercedes, alisimulia katika kitabu chake cha 1958 kwamba mwaka 1934, mbio za Eifel, magari yalizidi kikomo cha kilo 750 kwa kilo moja, wakakwangua rangi nyeupe usiku kucha, na chuma kikabaki cha fedha. Kisa hiki kimerudiwa kila mahali. Lakini mbio zile ziliendeshwa bila kikomo hicho, na Manfred von Brauchitsch alikuwa ameshaendesha Mercedes ya rangi ya fedha Berlin mwaka 1932. Kisa kilichokaa miaka 24 bila kuandikwa, kikatokea kikiwa kimekamilika hadi kilo ya mwisho, kitafutiwe gazeti la siku ile kwanza.

Kwa wanaonunua vitabu vya mtumba, Nairobi, Dar es Salaam au Kampala: fungueni katikati kabla ya kulipa. Karatasi za picha, zile zinazong'aa, huwa zimebandikwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16, nazo ndizo huchanwa kwanza kupamba ukuta. Angalieni pia kama faharasa ya majina ipo mwishoni. Kitabu chenye faharasa hukuwezesha kulinganisha madereva wawili juu ya mbio moja kwa dakika chache. Kisicho nayo kitakulazimu uweke alama mwenyewe.

Jambo la mwisho linatuhusu huku kwetu. Safari ya zamani haikuwa na vipande vilivyofungwa vya kupimwa kwa sehemu za sekunde kama ilivyo Naivasha leo. Ilipita barabara zilizo wazi, na dereva alihesabiwa dakika za kuchelewa kama adhabu. Mwenye adhabu ndogo ndiye mshindi. Ndiyo maana mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström waliweza kulingana kabisa, na Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Asiyejua hili hawezi kuelewa dereva anayeandika kwamba alipunguza mwendo akiwa mbele: alikuwa analinda gari, wala hakukata tamaa. Pat Moss, dada yake Stirling, alimaliza wa tatu Safari ya 1962 na Saab ndogo, na kitabu chake kilitoka 1967. Ari Vatanen alishinda ya 1983 na Opel Ascona 400 ya kusukumwa na tairi za nyuma peke yake, mbele ya Audi za kuvuta tairi zote nne za Hannu Mikkola na Michèle Mouton. Miaka miwili baadaye aliumia vibaya Argentina, na kitabu chake kinaeleza namna akili ilivyochelewa kupona kuliko mifupa, hadi akaamini amepata UKIMWI kwa damu aliyoongezewa. Mapema 1987 alishinda Paris–Dakar.

Safari ijayo mkitafuta dondoo, tunapendekeza muanze na Vatanen. Chini yake wekeni mistari mitatu ya herufi ndogo: mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza, jina la aliyemsaidia kuandika, na watano wa kwanza wa mbio zinazosimuliwa pamoja na muda au adhabu zao. Nafasi ikikosekana, picha ya gari linalowaka ipunguzwe.

Wenu,
Wasomaji wa vitabu vya mbio,
Nakuru